Ghorofa Nne za Bwana Shebwana

Hebu niambieni, nyinyi mnaonisikiliza: mmewahi kuiona nyumba ya ghorofa nne yenye ghorofa kumi na nne?

Mimi nimeiona. Nimeipanda kwa magoti yangu haya, nimepumzika kwenye ngazi zake, na mahakama imeniambia mbele ya watu kwamba nyumba niliyoipanda ina ghorofa nne. Nikasema sawa. Mimi nilisoma mpaka darasa la saba tu, na hesabu za darasa la saba haziendi juu sana.

Nchi yenyewe siitaji. Si kwa woga. Ni kwamba nchi ile haipendi kutajwa, nami sikulelewa kumtaja asiyependa. Jueni tu kwamba ni nchi nzuri, ina bendera, ina wimbo, ina Wizara ya Mipango na nyingine ya Mipangilio, na mawaziri wa wizara hizo mbili hawasalimiani.

Ndani ya nchi hiyo upo mtaa wa Kisimani, nyumba zake za chini, zimebanana bega kwa bega kama watu waliosimama safu ya sala. Nyumba yangu iko hapo, na inayofuata ni ya shoga yangu, Bi Mwanaheri. Huyu ndiye mwenye kisa. Mimi mwenyewe nilikuwa nikimsindikiza tu.

Kazi ya Bi Mwanaheri ni achari. Achari yenyewe si ya kubahatisha. Embe mbichi huzichagua moja moja, huzigonga kwa ukucha na kusikiliza. Huzikata vipande vyembamba kama kidole cha mwisho, huvitia chumvi, kisha huvianika uani juu ya majamvi, vikapigwa na jua mpaka vikakunja kingo kama masikio ya paka. Ndipo hufuata haradali, uwatu, pilipili na siki. Ukimsifu hukwambia, "Si mimi, mwenzangu, ni jua." Kwa achari hiyo amelea watoto, ameezeka bati, amemzika mume kwa heshima. Hoteli zote tatu za mtaani zilikuwa zikimngoja yeye.

Nyuma ya ua wake palikuwa na kiwanja kitupu, mbuzi wakichezea hapo. Bwana Shebwana akakinunua.

*

Msije mkadhani nchi ile haina sheria. Sheria ya Kisimani ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye ubao, mwanzo wa mtaa: Nyumba yenye maduka chini na makazi juu isizidi ghorofa nne. Ubao ulikuwa mzuri, una kijipaa chake cha kuukinga na mvua. Aliuchangia Bwana Shebwana.

Siku shimo la msingi lilipochimbwa, alikuja kwa Bi Mwanaheri mtu amevaa tai, amebeba sahani ya biriani iliyofunikwa kawa. Alikuwa Msemaji wa Jengo, kwa maana jengo lile lilipata msemaji kabla halijapata mlango.

"Hodi humu! Shikamoo, bibi. Jirani yako mpya, Bwana Shebwana, anakusalimu, anasema leo tule pamoja."

"Marahaba, baba. Na mwenyewe yuko wapi?"

"Mwenyewe hawezi kuja, anakaa mbali, upande wa bustani. Ana nyumba ya chini yenye ua mkubwa. Anapenda sana jua."

Bi Mwanaheri akapokea, akashukuru. Sasa, kwetu Kisimani sahani ya jirani hairudi tupu. Heri mtu atoke barabarani bila viatu. Sahani ikija na biriani, itarudi na kitu, hata kama ni ndimu mbili. Kwa hiyo kesho yake aliiosha, akaipangusa kwa kitambaa safi, akaijaza achari ya embe, akamkabidhi Msemaji.

Ghorofa ya kwanza ilipomalizika, ikaja sahani nyingine. Ikarudi na achari. Ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu, ya nne. Tukasema, haya, ndiyo mwisho, ubao umesema. Wiki iliyofuata ikaja sahani tena.

"Hii ya nini tena?" nikauliza.

"Ya ghorofa ya tano, bibi."

"Si mwisho nne?"

Msemaji alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyevaa nguo kinyume. "Mwisho ni nne," akasema, "na tumeufikia salama."

*

Ghorofa ya tano ilianza kulimega jua la alasiri. Bi Mwanaheri akavaa kanga zake za kutokea, tukaenda Wizara ya Mipango. Huko tukaambiwa wao hushughulika na jengo kabla halijajengwa. Tukaenda Mipangilio. Huko tukaambiwa wao hushughulika na jengo likishakwisha. "Na hili bado linajengwa?" akauliza ofisa.

"Bado, baba."

"Basi hapo katikati hapana wizara. Nendeni mahakamani."

Baraza la Majengo lilikuwa chini ya Jaji Pazi, mzee wa kiwiliwili kikubwa na miwani midogo. Wakili wa Bwana Shebwana alikuwa anaitwa Mchenga, kijana mwenye sauti tamu, ya mtu anayeuza vitambaa.

"Mheshimiwa," Mchenga akaanza, "sheria inasema nyumba ya maduka na makazi. Hayo tunayo ghorofa ya kwanza mpaka ya nne, na hapo tumekoma kwa utii mkubwa. Ghorofa ya tano ni ukumbi wa harusi. Je, mtu hufungua duka ndani ya harusi?"

"Hafungui," akasema Jaji Pazi.

"Je, mtu huhamia ndani ya harusi?"

Jaji akafikiri. "Ndugu za mke wangu huhamia. Lakini endelea."

"Basi ghorofa ya tano si duka wala si makazi. Kisheria, haipo."

"Na hii ya sita ninayoona mmeshaanza kuisimamishia nguzo?"

"Ya sita imekaa juu ya kitu kisichokuwepo, Mheshimiwa. Kwa hiyo ni nyumba nyingine kabisa. Nayo, kwa mujibu wa sheria, inaruhusiwa ghorofa zake nne."

Jaji Pazi alivua miwani, akaipangusa kwa joho. "Mahakama hii imesikia mengi," akasema, na sauti ikamtetemeka, "lakini haijapata kusikia utii wa kiasi hiki." Kisha akamgeukia shoga yangu. "Bibi, unakubali kwamba harusi si duka?"

"Naam, Mheshimiwa."

"Na unakubali kwamba si makazi?"

"Naam."

"Mlalamikaji amekubali."

Nikamvuta kanga. "Shoga, mwambie unachotaka!"

"Ataniuliza," akaninong'oneza. "Ngoja aniulize. Mtu mzima hakatizwi."

Hakuuliza.

*

Tukakata rufaa. Mahakama ya Rufaa, kwa kuwa haikosi huruma, ikatoa amri ujenzi usimame. Bwana Shebwana akaikatia rufaa ile amri. Rufaa ikaisimamisha amri. Amri iliposimama, ujenzi ukaendelea. Nilimwomba karani anieleze taratibu, akanieleza mara mbili, na mara zote mbili ghorofa ya saba ilikuwa ikimwagwa zege.

Nasi tulifurahi kidogo, maana tulisikia kesi imepanda kwa jaji mwingine, mkubwa zaidi. Mlango ulipofunguliwa akaingia Jaji Pazi. Kumbe kesi ilipopandishwa naye alipandishwa cheo.

"Nimeusoma uamuzi wa jaji aliyetangulia," akasema. "Ni mtu makini sana."

Safari hii Wakili Mchenga hakuja na maneno matupu. Alikuja na sahani imefunikwa kawa. Akaifunua polepole. Harufu ya haradali ikatembea mpaka benchi la nyuma, na mahakama nzima ikameza mate.

"Bibi yangu, hii ni nini?"

"Achari ya embe, mwanangu."

"Ya nani?"

"Yangu."

"Ulimpelekea nani?"

"Jirani."

"Wakati gani?"

"Alipochimba msingi. Na baadaye pia, kila alipoleta chakula."

"Kuna aliyekulazimisha?"

"Astaghfirullah! Ujirani nani anamlazimisha mtu?"

"Ulimpa kwa moyo mweupe?"

Hapo nilimkanyaga mguu chini ya benchi. Akaurudisha mguu wake nyuma, akajibu kwa upole, "Nimpe mtu achari kwa moyo mweusi? Si itamuuma tumbo?"

Jaji Pazi akaomba kijiko. Akaonja. Akaonja tena. Akamwita mzee wa baraza naye aonje, kwa ajili ya haki.

"Mtu asiyelitaka jengo," akatamka, akijifuta ndevu, "angepunguza haradali. Hii imetengenezwa kwa mapenzi. Mahakama inaona kwamba kila sahani iliyorudi na kitu ni ridhaa ya ghorofa moja. Sasa tunaahirisha, mpaka kielelezo kitakapokwisha."

*

Nje nilimkalia kooni. "Mwanaheri, sikiliza. Sahani ijayo irudishe tupu."

"Tupu?" Alinitazama kama nimemwambia atoke kichwa wazi.

"Tupu, ndiyo! Uioshe, uirudishe inang'aa. Ghorofa itakosa ridhaa."

"Na mimi nitakuwa nani?"

"Utakuwa mtu mwenye jua."

Tukatembea mpaka kwenye ule ubao wa maandishi mekundu. "Mama yangu," akasema, "alirudisha sahani mwaka wa njaa. Alitia jani la mpapai. Akalipanga vizuri, katikati. Sasa mimi wa leo, nina chumvi, nina sukari, nirudishe tupu?"

Na mimi kwangu jikoni nilikuwa na sahani yake, nimeshaitia maandazi.

Ghorofa ya nane ikaja, ikaja na ya tisa. Ya kumi ilikuwa tena ile isiyokuwepo, kisha ikaanza nyumba ya tatu juu ya hewa. Jua likawa linapita uani kwa Bi Mwanaheri kama mgeni mwenye gari linalomsubiri. Hapati hata kuliwekea kiti. Majamvi yalianza kunuka unyevu. Embe zikaota ukungu mweupe, laini kama pamba, akawa anazitupa kisirisiri nyuma ya choo ili nisizione, nami nilikuwa naziona. Chupa alizothubutu kuuza zilirudi.

"Mwanaheri, dada," mwenye hoteli alimwambia, akiwa amesimama mlangoni kwa haya, "achari yako safari hii inanuka kabati."

Tangu hapo hakuuza tena. Kuitwa mwizi angeweza kustahimili, si neno hili la kabati.

Lakini sahani hazikukoma. Achari ilipokosekana, alitia sukari. Wakili Mchenga akaiarifu mahakama kwamba sukari ni tamu kuliko achari, kwa hiyo ridhaa imeongezeka. Akatia asumini. Wakili akasema hii ni ridhaa yenye harufu nzuri. Mwasumini wenyewe ukakosa jua, ukaacha kuchanua. Akatia majani ya mchaichai. Wakili akasema, mlalamikaji sasa anatualika chai.

Katikati ya hayo Mahakama ilimtuma Mpimaji Mkuu wa Vivuli, mtu na mkoba wake wa ngozi na mwavuli. Huo mwavuli hakuuchukua bure. Alichagua siku ya mvua. Akasimama uani, akatazama chini, akatazama ukutani, akaniomba nimshikie kofia, kisha akatangaza kwamba amekagua eneo lote na hakuona kivuli chochote.

"Rudi kesho, baba, jua litatoka," nikamwambia.

"Jua likitoka, bibi, vipimo huharibika."

*

Ikabaki Mahakama ya Rufaa ya Mwisho. Tukaambiwa imehama, jengo lake la zamani lilikuwa dogo kwa kesi nyingi za majengo makubwa. Imepanga kwingine. Tukauliza wapi. Wakatuonyesha kwa kidole, juu.

Ilikuwa imepanga kwa Bwana Shebwana, ghorofa ya kumi.

Lifti ya jengo lile ni nzuri, ina kioo na muziki, lakini inakoma ghorofa ya nne. Haiwezi kusimama mahali pasipokuwepo. Kutoka hapo tukashika ngazi, wazee wawili, mmoja akimsukuma mwenzake na wote wawili wakidhani ndio wanaosukuma. Ghorofa ya tano tulikuta harusi. Mashangazi wa bibi harusi wakatuzuia mlangoni.

"Hampiti hivi hivi, mama zetu! Leo ni furaha, kaeni, kuleni kwanza."

"Tunawahi kesi, wanangu."

"Kesi inakimbia? Kaeni!"

Tukakaa. Unawezaje kuipita harusi? Tukaletewa pilau, na pembeni yake achari ya kiwandani, nyekundu kama rangi ya mlango. Bi Mwanaheri akachukua kipande kimoja kwa ncha ya vidole. Akakitafuna. Nilimtazama usoni, sikuona kitu. Akamwambia aliyetuandalia, "Ahsante, mama, chakula kizuri sana," akanawa, tukaendelea kupanda.

Ghorofa ya kumi tulimkuta Jaji Pazi. Sasa alikuwa amepanda mwisho wa kupanda, ana joho lenye manyoya shingoni, na jasho likimtiririka humo.

"Nimesoma maamuzi ya majaji wawili walionitangulia," akasema. "Wanakubaliana kwa namna ya ajabu."

Akasoma hukumu kwa sauti ya mtu anayefungua daraja. Alisema jengo hili ni la ghorofa nne, mara tatu, na katikati kuna sehemu mbili zisizokuwepo, na katika mojawapo mahakama hii tukufu imeketi. Alisema taifa linapanda na haliwezi kuulizwa na embe. Alisema hata hivyo Mahakama ina moyo.

"Jua la mlalamikaji halikuibiwa," akasoma. "Limepandishwa tu. Liko juu ya paa, tele, nimeliona mwenyewe. Mlalamikaji anapewa haki ya kulifuata huko na majamvi yake, siku zote za kazi, kwa kutumia ngazi."

Watu wakapiga makofi. Msemaji wa Jengo akafuta machozi. Mimi nikainua mkono, nikauliza, kwa adabu, kama tunaweza kukata rufaa.

"Bibi," Jaji Pazi akanijibu bila hasira, "uamuzi huu umetolewa katika ghorofa isiyokuwepo. Hapana mahali pa kuukatia rufaa."

Nikakaa. Kwa kweli niliona ana hoja.

Makarani wakaanza kukunja majoho. Wakili Mchenga alikuwa ameshafunga mkoba. Ndipo Jaji, kwa kuwa ni mtu wa taratibu, akakumbuka. "Kabla hatujafunga, je, mlalamikaji ana neno la shukrani?"

Bi Mwanaheri akasimama. Akajifunga kanga vizuri, akaikaza. Nyuma ya Jaji palikuwa na dirisha kubwa, na mwanga wote uliokuwa mali ya mtaa wetu ulikuwa humo, umejaa mezani, umewapiga makarani usoni mpaka wanafinya macho. Chini kabisa ukaonekana ua wake, mdogo kama kiganja, mweusi. Alisogea akautazama. Sidhani kama aliwahi kuuona kutoka juu.

"Waheshimiwa," akaanza, kwa sauti yake ile ile ya siku zote, "nimeshukuru..."

Akatazama tena dirishani.

Jaji akamngojea, akitabasamu. Mzee wa baraza alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa kupokea shukrani. Juu yetu, ghorofa ya kumi na nne, nyundo zilikuwa zinapiga.

"Sema ahsante tu, bibi yangu," Wakili Mchenga akamnong'oneza, "tukale."

Bi Mwanaheri akamtazama yeye, akamtazama Jaji. Midomo ilimtetemeka kama ya mtu anayetaka kupiga chafya mbele ya wakubwa. Nilidhani ataomba radhi. Nilimshika mkono nimkalishe, akautoa mkono wangu.

"Sikulitaka," akasema. "Tangu shimo la msingi, mimi sikulitaka hili jengo. Libomoeni."